Kusomea Mazoezi na Afya: Elimu Inayoanzia Kwenye Foleni ya Maji

(Hotuba iliyosomwa Gihundwe, Wilaya ya Rusizi, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani)



Siku ya tarehe 20 Juni huwa na hotuba nyingi, na jua hapa kilimani mnalijua, kwa hiyo hatutarudia yale yaliyokwisha kusemwa na walio wakubwa kuliko sisi. Kamati ilituomba tujibu swali moja tu. Kijana wa mkimbizi amemaliza sekondari, amefaulu biolojia na kemia, halafu anasema anataka kwenda chuo kikuu kusomea sayansi ya mazoezi na afya. Mzazi amjibu nini?

Swali hili si la mzaha. Tangu mwaka 1992 serikali ya Ujerumani, kwa kupitia UNHCR, inalipia masomo ya wakimbizi katika vyuo vikuu kwa mpango unaoitwa DAFI, lakini hata leo wengi wa vijana wetu hawafiki chuo. UNHCR yenyewe imejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 vijana 15 katika kila 100 wawe katika elimu ya juu. Maana yake, hata lengo hilo likitimia, 85 watabaki nje. Basi mzazi anapomwona mwanawe ameshika nafasi moja kati ya hizo chache, halafu anasikia neno "mazoezi", moyo unashtuka. Tumeyasikia maneno yenyewe: mtu akae chuoni miaka minne kujifunza kukimbia? Si angesoma uganga, au uhasibu, au angalau ualimu?

Sisi tuliosomea mambo haya ya mwili hatuna neno la kumlaumu mzazi huyo. Jina la somo ndilo linalompotosha. Kwa hiyo tuanze na jina.

Kuna watu wa aina tatu ambao hapa kambini wote huitwa "wa michezo". Wa kwanza ni mwalimu wa michezo shuleni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, kina shahada ya ualimu pamoja na elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Wa pili ni msomi wa sayansi ya mazoezi, ambaye anasoma jinsi mwili unavyofanya kazi unapojongea, unavyochoka, unavyopata nguvu na unavyougua kwa kukaa bure. Shahada hiyo ipo katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, Kenya. Wa tatu ni mtaalamu wa fiziotherapia, yule ambaye ndugu zetu kutoka ng'ambo ya Rusizi humwita "kine". Huyu huchukua elimu ile ile ya mwili unaojongea akaitumia kumrudisha mgonjwa kwenye miguu yake. Hapa Rwanda mlango ulio karibu zaidi ni huu wa tatu. Taasisi ya Afya ya Kigali, iliyojulikana kama KHI, ilianzishwa mwaka 1996, wakati nchi ilikuwa imepoteza watumishi wengi wa afya katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na fiziotherapia ikawa miongoni mwa masomo yake. Mwaka 2013 taasisi hiyo iliingizwa katika Chuo Kikuu cha Rwanda, na somo linaendelea huko, pamoja na lile la kutengeneza viungo bandia.

Sasa, mwanafunzi anafundishwa nini hasa? Mwaka wa kwanza hakimbii hata kidogo. Anakaa na mifupa. Mwili wa mtu mzima una mifupa 206, na mwalimu hatosheki ukimwambia "mfupa wa mguu". Anataka jina lake, msuli unaoshikilia pale, na mshipa wa fahamu unaouamrisha msuli huo. Baada ya hapo inakuja fiziolojia, yaani kazi ya moyo, mapafu na damu. Kisha mekanika ya mwili, ambayo ni fizikia ya nyenzo, ile ile ya shuleni, ila nyenzo yenyewe ni mkono wako. Kuna lishe, kuna saikolojia, kuna takwimu. Takwimu ndiyo inayowaangusha wengi, na vijana mnaotaka njia hii msiikimbie hesabu mkidhani mmekwisha kuihama.

Hebu tufanye jambo dogo pamoja. Kila mmoja aweke vidole viwili, cha shahada na cha kati, upande wa ndani wa kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba. Msitumie gumba lenyewe, kwa sababu lina mapigo yake litawadanganya. Hesabuni kwa nukta 15, kisha zidisheni kwa 4. Mtu mzima aliyetulia mara nyingi hupata kati ya 60 na 100 kwa dakika. Sasa mmoja wa vijana ashuke mpaka barabarani, apande tena kwa haraka, tumpime. Mapigo yake yatakuwa yamepanda, na hilo si ajabu. Linaloangaliwa na mtaalamu ni jingine: yanachukua muda gani kurudi chini? Moyo uliozoea kazi hurudi upesi. Hicho ni kipimo cha afya ambacho hakihitaji umeme wala dawa, kinahitaji saa yenye mkono wa nukta na mtu anayejua anachokisoma.

Tena mahali hapa petu ni maabara kwa maumbile yake. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko juu ya ziwa. Kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa kiasi cha sehemu moja ya sita kuliko Mombasa au Dar es Salaam, kwa hiyo kila pumzi inaleta oksijeni pungufu, na mwili hujirekebisha. Mgeni anayetoka pwani akapanda mlima wa Gihundwe atahema. Mtumishi wa shirika aliyeletwa wiki iliyopita asione haya, siyo uzee.

Ushahidi kwamba kazi ya mwili inalinda moyo una historia ambayo tunaipenda, kwa sababu haikuanzia kwa wanariadha. Baada ya vita kuu ya pili, daktari mmoja wa Uingereza, Jeremy Morris, aliwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Katika kila basi kulikuwa na watu wawili: dereva aliyekaa siku nzima, na kondakta aliyepanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Watu wa mji mmoja, kampuni moja, hali ya maisha inayokaribiana. Mwaka 1953 alichapisha alichokiona: makondakta walikuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo mara chache zaidi kuliko madereva, na walioupata uliwapata wakiwa na umri mkubwa zaidi. Baadaye wengine waliuliza kama watu wanene ndio waliochagua udereva tangu mwanzo, na Morris mwenyewe alilichunguza hilo hata kwa kupima sare walizopewa. Ndivyo sayansi inavyokwenda. Lakini msingi ulisimama, na tangu mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za kazi ya mwili ya wastani kwa wiki, na mtoto wa shule apate dakika 60 kwa siku.

Sasa tazameni maisha yetu. Watu wengi hapa walikuwa wakulima wa milimani, wafugaji, wachukuzi, wachuuzi wa kutembea. Walipovuka mpaka, wengine mwaka 1996, wengine wakati wa vita vya Bukavu mwaka 2004, wengine baada ya hapo kwa kupitia kituo cha muda cha Nyagatare hapa wilayani, waliacha nyuma shamba na ng'ombe, na pamoja navyo waliacha kazi ya mwili ambayo hakuna aliyekuwa akiiita mazoezi. Baba aliyekuwa akilima kutwa sasa anakaa mlangoni. Baada ya miaka michache anaambiwa ana presha au kisukari, naye anashangaa kwa kuwa ugonjwa huo aliujua kuwa wa matajiri. Wazee husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tumekuwa wageni kwa miaka, na jembe halijapatikana.

Hapa ndipo mtu atasema: basi tumeelewa, watu wafanye mazoezi. Ngojeni kwanza. Mwenye elimu hii ndiye atakayekuambia ni wakati gani mazoezi yasifanywe. Mipango ya chakula cha msaada huhesabu kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Mwezi wa Machi 2021 posho katika kambi za Rwanda zilipunguzwa kwa asilimia 60 kwa kukosa fedha za wafadhili. Kocha asiyesoma, akiwa na kipenga na moyo mwema, angeweza kuwakimbiza watoto saa mbili jioni ya mwezi kama ule. Aliyesoma lishe angeuliza kwanza wamekula nini, angewapima mikono kwa utepe, na wale waliodhoofika angewaelekeza kwa mhudumu wa lishe badala ya uwanjani. Mwili usiopata chakula hula misuli yake wenyewe.

Tuje kwenye maji, kwa kuwa hapo ndipo tunapotaka kukaa kidogo.

Kanuni ya UNHCR ni lita 20 kwa mtu kwa siku. Mwongozo wa Sphere, ambao mashirika yalianza kuuandaa mwaka 1997 baada ya yale yaliyotokea Goma mwaka 1994, unataka kiasi kisichopungua lita 15, na bomba lisiwe zaidi ya mita 500 kutoka nyumbani. Chukueni familia ya watu sita. Lita 20 mara sita ni lita 120, yaani bidoni sita za manjano. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa hiyo katika nyumba hiyo kuna mtu, au watu, wanaobeba kilo 120 kila siku, na kama bomba liko mita 500 na anayekwenda ni mmoja, amekwenda kilomita sita, tatu kati yake akiwa na mzigo. Je, mtu huyo ni baba? Tunaona mnacheka. Mnajua ni nani.

Wataalamu waliwahi kulipima jambo hili, tena katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1986 profesa wa Nairobi, G. M. O. Maloiy, na wenzake walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa wanawake wa Kijaluo wanaobeba mizigo kichwani na wanawake wa Kikuyu wanaobeba kwa mkanda wa paji la uso, kama wanavyobeba akina mama wachukuzi wa Bukavu. Walipima oksijeni wanayoitumia wanapotembea. Walikuta kwamba mpaka mzigo ufike sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili, mama hakutumia nguvu zaidi kuliko anapotembea mikono mitupu. Ukizidi hapo matumizi huanza kupanda. Mwaka 1995 uchunguzi mwingine ulieleza sababu: mwendo wao unafanana na pembe ya saa inayobembea, hatua moja ikiihifadhi nguvu ya hatua inayofuata.

Habari hiyo ilipendwa sana duniani, na kuna waliosema: basi, wanawake wa Kiafrika hawaoni uzito. Hapo sisi tunapinga. Kwanza fanyeni hesabu. Mama wa kilo 60, sehemu yake ya tano ni kilo 12. Bidoni ya lita 20 iliyojaa ni theluthi ya mwili wake. Msichana wa kilo 30, sehemu yake ya tano ni kilo 6, nasi tunamwona na bidoni ya lita 10, siku nyingine kubwa kuliko hiyo. Pili, kipimo kile kilikuwa cha oksijeni, hakikuwa cha shingo. Mwili unaweza kutotumia nguvu nyingi huku pingili za shingo zikikandamizwa. Tatu, mwaka 2010 watafiti waliwapima wanawake wa Kixhosa wa Afrika ya Kusini, nao hawakuona faida ile. Walichokiona ni tofauti kubwa kati ya mtu na mtu, na maumivu ya shingo kwa waliobeba kichwani. Kwa hiyo anayekwambia mama wa Kiafrika ameumbwa kubeba, mwulize amepima nini.

Kijana aliyesoma sayansi ya mazoezi akikaa siku tatu kwenye foleni ya maji na mizani, saa na daftari, anaweza kuwaletea mashirika karatasi yenye tarakimu: nani anabeba, kilo ngapi, umbali gani, nani anaumwa wapi. Karatasi hiyo inaweza kusogeza bomba. Inaweza kuleta bidoni za lita 5 kwa watoto, au mkokoteni mmoja kwa nyumba kumi. Malalamiko peke yake tumeyatoa mara nyingi, na bomba liko pale pale.

Kuna kundi jingine ambalo halipo mkutanoni hapa, kwa sababu haliwezi kufika. Ni watoto wenye mtindio wa ubongo waliofichwa ndani, wazee waliopigwa na kiharusi, waliokatwa miguu na mabomu ya kutegwa. Ndugu wafanyakazi wa misaada mnajua kwamba shirika la Handicap International lenyewe lilizaliwa kambini, mwaka 1982, katika kambi za wakimbizi wa Kambodia nchini Thailand, kwa kutengeneza miguu bandia kwa vifaa vilivyopatikana papo hapo. Hapa Rwanda padri Joseph Fraipont alifungua kituo cha Gatagara mwaka 1960, na watoto waliokuwa wakitambaa walisimama. Kule Moshi, Tanzania, chuo cha TATCOT kinafundisha ufundi wa viungo bandia tangu mwaka 1981, na wanafunzi hutoka nchi nyingi za Afrika. Mtoto wa mtindio wa ubongo hahitaji muujiza. Anahitaji mtu wa kumwonyesha mama yake namna ya kumketisha asipaliwe na chakula, namna ya kumgeuza ili viungo visikakamae, na kurudi kila wiki kutazama. Mtu huyo akitoka Kigali mara moja kwa mwezi, anaanza upya kila mara. Akiwa anaishi mlango wa tatu, jambo ni tofauti kabisa.

Na michezo yenyewe? Hatuidharau. Mwaka 2016 katika Olimpiki ya Rio timu ya kwanza ya wakimbizi ilikuwa na wachezaji kumi, na wawili kati yao, Popole Misenga na Yolande Mabika wa judo, asili yao ni Bukavu, mji ambao tunauona ng'ambo ile. Misenga alishinda pambano lake la kwanza. Mwaka huo huo wanawake wa Rwanda wa voliboli ya kukaa walikwenda Paralimpiki, na kabla yao, mwaka 2004, Jean de Dieu Nkundabera alileta shaba ya mita 800 kutoka Athens. Ila kijana ajue kwamba kucheza ni jambo moja, na kusomea mazoezi ni jingine. Goti likivunjika, mchezaji amekwisha. Aliyesoma goti bado ana kazi.

Basi kwa mzazi na kijana, maneno ya njia. Chagua mchepuo wenye biolojia na kemia, na fizikia ikiwezekana. Tunza karatasi zote za shule, hata zile zilizotoka Kongo au Burundi, na uanze mapema kutafuta usawazishaji wa vyeti, usingoje tangazo la DAFI litoke. Masomo ya chuo hapa ni kwa Kiingereza, na ndugu zetu waliosoma kwa Kifaransa wajipe mwaka mzima wa kukijenga. Ukimaliza, hugusi mgonjwa bila kuandikishwa na Baraza la taaluma zako na kupata leseni. Sheria ya mwaka 2013 inataka hivyo, nasi tunaiunga mkono, kwa sababu shingo ya mtu haichezewi. Kuna shahada zinazosomwa kambini kwa kompyuta, kama zile zilizoletwa Kiziba na Kepler mwaka 2015, na zimewafaa wengi. Lakini hili letu kompyuta haitoshi. Mkono hujifunza kwa kushika, na mafunzo ya vitendo hospitalini ndiyo nusu ya elimu.

Ndugu wafanyakazi wa mashirika, kwenu tuna maombi mawili. Mnapopanga bajeti, kazi hii iandikwe chini ya afya, isiandikwe chini ya burudani ya vijana, maana tunajua fungu gani hukatwa kwanza. Na mwanafunzi wetu anaporudi likizo, mpeni barua ya kumruhusu aingie zahanati akae pembeni ya mhudumu. Gharama yake ni kiti kimoja.

Kwa mzazi aliyeuliza kama mwanawe aende: kama anapenda biolojia na haogopi takwimu, aende. Kama anapenda mpira tu, abaki na mpira, na nafasi apewe mwingine.

Tuna mizani mbili hapa mezani. Akina mama waliotoka bombani asubuhi hii waje wapime bidoni zao, kisha wapime uzito wao, sisi tutaandika. Maswali yatapokelewa wakati tunapima.